Mama anarudi, orodha tupu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemtengenezea mama programu ya Android ya kuandika michango ya kikoba chao. Akifika mwanachama wa ishirini hivi, anatoka kusoma ujumbe wa muamala. Akirudi, orodha tupu. Kwenye simu yangu halitokei, hata nikiigeuza simu ikalala. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole. Kuanza upya michango ya watu ishirini wakiwa wamekaa mbele yako wanakutazama ni fedheha, na katibu akishafedheheka hivyo mara mbili anarudi kwenye daftari.

Simu yake haina kosa. Kumbukumbu ikibana, Android huizima programu iliyo nyuma bila kumuuliza mtu, kisha huianzisha upya akirudi. Nadhani orodha umeiweka ndani ya ViewModel, sehemu ya programu inayoshika data za ukurasa kwenye kumbukumbu tu. Hiyo huvumilia simu kugeuzwa, lakini programu ikizimwa nayo inakwenda. Kwa hiyo jaribio lako halikugusa tatizo. Jaza nusu ya orodha, bonyeza kitufe cha nyumbani, kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu andika amri ya kuizima, adb shell am kill na jina la kifurushi (package) cha programu yako, halafu irudie programu kwenye orodha ya zilizotumika karibuni. Utaona anachokiona mama.

Mahali alipokuwa, yaani ukurasa gani, mwanachama gani, pahifadhi kwa onSaveInstanceState au SavedStateHandle, njia za Android za kukumbuka hali ya ukurasa programu ikizimwa. Humo weka vitu vidogo tu: nafasi yake ni kama MB 1, tena programu nzima inaigawana.

Fedha usiziweke humo kabisa. Mama akiiondoa programu kwa kidole kwenye orodha ya zilizotumika karibuni, hali hiyo hutupwa. Kila mchango uandike kwenye hifadhidata ya simu papo hapo anapohamia jina linalofuata, ukiwa rasimu hadi afunge kikao. Usimsubirishe kitufe cha Hifadhi.

Na si kila kitu kirudishwe. Zamani nilirudisha hata dirisha la kuthibitisha malipo. Mteja akalikuta asubuhi, akabonyeza, akalipa mara mbili. Nilimrudishia fedha yake, lakini imani yake haikurudi. Kwa hiyo mama akifungua wiki inayofuata, usimtumbukize kimyakimya katikati ya kikao cha zamani. Mwandikie: “Kikao cha Jumamosi hakijafungwa, majina 20 yameandikwa. Uendelee nacho?” Achague mwenyewe.