Maswali ya Wasomaji: Je, Siku Tano Zinatosha Kupanda Kilimanjaro?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na sijawahi kupanda mlima wowote. Mwezi Agosti, shule zikifungwa, mimi na mume wangu tunakusudia kuvuka mpaka kwenda Tanzania kupanda Kilimanjaro. Kampuni moja imetupa bei ya siku tano kwa njia ya Marangu, nyingine ya siku saba kwa njia ya Machame, na tofauti ya fedha ni kubwa. Mume wangu hukimbia ufukweni kila alfajiri, naye anaamini kuwa siku tano zinatutosha. Je, ni kweli?
Mama S., Likoni, Mombasa

JIBU: Mama S., ikiwa fedha haziruhusu siku saba za Machame, ombeni Marangu kwa siku sita, lakini hizo tano msizikubali.

Marangu husifiwa kuwa njia rahisi kwa sababu hupanda taratibu na wageni hulala katika vibanda badala ya mahema, na sifa hiyo imewahadaa wengi. Usiku wa kwanza mtalala Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, wa pili Horombo, mita 3,720, na siku ya tatu mtafika Kibo, karibu mita 4,700, ambako mtaamshwa usiku huohuo kuanza safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ushauri wa kitabibu ni kwamba, ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500. Kutoka Horombo hadi Kibo mtakuwa mmeongeza takriban mara mbili ya kiasi hicho, nanyi ni watu wa usawa wa bahari. Kileleni kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni karibu nusu ya ile ya Mombasa, na mwili huizoea kwa kupewa muda. Mbio za mume wako zitamfaa miguuni, ila hazimkingi na ugonjwa wa mwinuko, na wenye siha njema mara nyingi hujiponza kwa kwenda haraka.

Siku inayoongezwa katika Marangu ya siku sita hutumika Horombo ili mwili uzoee mwinuko: mnapanda hadi Mawe ya Zebra, kisha mnarudi kulala palepale. Machame hufanya vizuri zaidi, kwa kuwa mnapita Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, mkashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000.

Bei hupanda kwa sababu ada za hifadhi hutozwa kwa siku. Hata hivyo, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ada ndogo kuliko wageni wengine, basi hakikisheni kwamba hesabu mliyopewa imezingatia pasipoti zenu za Kenya. Ulizeni pia wapagazi hulipwa kiasi gani na kama mizigo yao hupimwa isizidi kilo 20. Kampuni isiyotaka kujibu swali hilo, iacheni, hata ikiwa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Likoni hakuna mlima wa kufanyia mazoezi, lakini Vuria, katika milima ya Taita, ina mita 2,208 na iko upande wa njia yenu ya kwenda Taveta. Pandeni huko mara kadhaa kabla ya Agosti, mkivaa viatu vilevile mtakavyovaa Kilimanjaro. Muoneni daktari mapema kuhusu asetazolamidi, dawa ya kusaidia kuzuia ugonjwa wa mwinuko, mkimweleza kila mzio mlio nao.

Mkiwa mlimani, maumivu ya kichwa au kichefuchefu msimfiche kiongozi wenu. Mmoja wenu akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kuhema akiwa amekaa, ashushwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane na kilele kinaonekana.