Ukiandaa jioni ya Kipalestina, toa zulia kwanza

Mwaka wa kwanza tulifungua kwa hotuba nne. Mwenyekiti, mgeni rasmi, mwalimu mmoja wa historia, kisha mimi niliyepewa kazi ya kushukuru wadhamini. Mpiga udi alikaa pembeni saa nzima, ala yake mapajani. Alipoitwa, watoto walishalala kwenye viti na kina mama wamekimbilia jikoni.

Naishi pembezoni mwa Chicago, upande wa Bridgeview, ambako Wapalestina ni wengi. Mimi ni Mzanzibari. Niliingia kwenye kamati yao kwa kuwa najua kufunga spika, na sasa nimeshasaidia jioni tatu.

Nianze na sauti, maana ndiyo kazi yangu. Udi haupigi kelele. Ukiuweka jirani na darbuka, ile ambayo watu wa taarab tunaiita dumbaki, utaona vidole vinacheza na hutasikia kitu. Maikrofoni iwe ya udi, isogee karibu na tundu lake, ngoma iachwe hivyohivyo. Na kinanda cha kawaida usikilete. Makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati, zina sauti zinazokaa katikati ya vibonye. Fidla huzifikia, kinanda hakizifikii. Kijana wetu alijaribu kuufuata udi, mzee akasimamisha nyimbo, akatabasamu, akamwambia: "Mwanangu, nenda kanywe chai."

Dabke, ngoma yao ya kucheza, ni miguu. Watu hushikana mikono mstarini, kiongozi yuko mwisho anazungusha tasbihi au leso, na kila kishindo lazima kisikike. Ukumbi wetu ulikuwa na zulia zito. Vijana walipiga chini kwa nguvu zao zote, tukasikia kama mtu anakung'uta mto! Tafuta sakafu ya mbao, ondoa safu tatu za viti mbele, na dabke iwe kabla ya chakula. Mtu akishakula musakhan, kuku juu ya mkate uliolowa mafuta ya zeituni, vitunguu na unga mwekundu wa sumac, humwinui tena. Usiwaachie wachezaji wenye sare peke yao. Hatua sita za mwanzo hufundishika kwa dakika kumi, na bibi wa miaka themanini atakushangaza.

Meza ya tatreez, udarizi wao, msiifanye ya maonyesho ya kutazama tu. Neno lenyewe ukilisikiliza lina undugu na tarizi letu. UNESCO iliuorodhesha udarizi huo mwaka 2021, lakini kilichowavuta watu kwetu ni sindano na vitambaa vilivyowekwa tayari. Mama mmoja wa kijiji cha karibu na Ramallah ndiye aliyefundisha. Alinivua kofia yangu ya vito bila kuniomba, akaipindua ndani nje, akaisogeza kwenye taa, akafuata mishono kwa kucha.

"Nani kashona?"

"Mama yangu."

Akanivika mwenyewe. Halafu akaishika fulana niliyovaa, niliyoinunua mtandaoni ikiwa imechapwa maua ya thobu, gauni lao la kudariziwa, akaisugua kwa kidole gumba na kucheka hadi wenzake wakageuka. Tangu hapo vitu vya kuuza tunaagiza kwa washonaji wenyewe. Kufiya, vile vitambaa vyao vya kichwani, tunatafuta zile za Hebron, ambako kiwanda cha ukoo wa Hirbawi kinafuma tangu 1961.

Jambo zito ni msiba. Vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023 tulikuwa na tarehe mkononi. Baadhi yetu wageni tulikuwa tayari kuamua kwa niaba yao, wengine wakisema tuendelee, wengine tufute. Bora tulinyamaza tukaenda nyumba kwa nyumba kwa waliofiwa. Walitaka tuahirishe, tukaahirisha. Miezi ilipita, ndipo familia mbili kati ya hizohizo zilipotuambia sasa andaeni, ila nyimbo za harusi ziachwe. Tukaziacha. Mzee akapiga udi peke yake, na hakuna aliyepewa maikrofoni kueleza kwa nini. Kama kwenu kuna wafiwa, na watakuwepo, wao ndio wapange nini kipigwe. Wewe beba viti.

Maqluba usiifiche jikoni. Ni wali, biringani na nyama vilivyopangwa kwa tabaka, na sufuria hupinduliwa juu ya sinia mbele ya watu. Zima muziki. Mpishi apige kitako cha sufuria kwa mwiko, asubiri kidogo, anyanyue taratibu. Ukumbi mzima utasogea. Pima tu mapema kwamba sinia ni pana kuliko mdomo wa sufuria. Sisi hatukupima, na zulia lile tulilosema tutalitoa lilikuwa bado lipo.