Bolti za mashine ya boti zinalegea kila mara: nikaze zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kayenze, natumia mashine ya Yamaha ya farasi 15. Kila baada ya siku chache nakuta bolti za silinda hedi zimelegea na maji yanachuruzika pembeni mwa gasketi. Nimekuwa nazikaza kwa spana niliyoichomekea bomba ili zishike, na juzi moja imekatikia ndani. Mwenzangu mmoja anasema nipake grisi, mwingine anasema nitie gundi. Nikaze kiasi gani? Na naweza kuendelea kuvua na bolti zilizobaki?

JIBU: Marahaba. Kilichokukatia bolti ni hilo bomba.

Bolti ikikazwa inavutika kidogo kama springi, na ile nguvu ya kutaka kurudi ndiyo inayobana hedi kwenye bloku. Ukiivuta kupita uwezo wake hairudi tena. Inabaki imerefuka, haibani, nawe unadhani imelegea. Unaongeza bomba, inarefuka zaidi, mwisho inakatika. Hizo zilizobaki nazo zimeshavutwa hivyo hivyo, kwa hiyo nunua seti nzima na gasketi mpya. Ukirudisha gasketi ya zamani utakuwa umepoteza siku yako bure.

Ila kabla ya kufunga chochote, tafuta kwa nini hedi ilianza kuvuja. Huku kwetu ziwani mshukiwa wa kwanza ni joto. Magugu maji na mifuko huziba matundu ya kunyonyea maji, impela (feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine) inakosa maji, inaungua, na mashine inachemka. Hedi ya aluminiamu ikichemka inapinda. Isafishe, ilaze chali, upande wa gasketi ukitazama juu, simamisha rula ya chuma juu yake kwa ubavu, kisha jaribu kupitisha karatasi chini ya rula, kona hadi kona na katikati. Karatasi ikipita, hedi imepinda. Mpelekee fundi aisawazishe, la sivyo hata bolti mpya zitavuja. Na impela ikaguliwe siku hiyo hiyo.

Sasa kipimo. Najua spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ni ghali na pale mwaloni ni wachache wanaoimiliki. Lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia sangara, haikosekani. Chukua mkono wa boksi spana, pima sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, weka alama, funga ndoano ya mizani hapo na uvute taratibu, mizani ikiwa pembe mraba na mkono. Kwa bolti za kawaida za Yamaha, ile inayofunguliwa kwa spana namba 10 inatakiwa nyutoni mita 8 (hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani mizani isome kilo 4 tu. Ya namba 12 ni nyutoni mita 18, kama kilo 9. Ya namba 14 ni 36, kama kilo 18. Wengi wakijaribu hivi wanashtuka kuona kilo 4 ni kidogo kiasi gani, maana mkono wa mvuvi aliyezoea kuvuta nyavu unapita hapo bila kujua.

Bolti za hedi, hata hivyo, usizifunge kwa hesabu hiyo. Zina kipimo chake kwenye kitabu cha ufundi cha mashine yako. Muulize muuza spea au fundi mwenye kitabu, halafu ukigeuze kuwa kilo kwa njia hiyo hiyo: gawanya nyutoni mita kwa 2, jibu ndilo kilo kwenye sentimita 20. Anza bolti za katikati, uende kwa kukingamisha mpaka za pembeni, mzunguko wa kwanza nusu ya kipimo, wa pili kipimo kamili. Mashine iwe imepoa kabisa.

Kuhusu grisi: karibu sehemu 9 kati ya 10 za nguvu unayotia huishia kwenye msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye meno. Ukipaka grisi msuguano unapungua, na nguvu ile ile inaivuta bolti kupita kiasi. Kwa hiyo kwenye hedi fuata kitabu tu. Grisi ipeleke kwenye shafti ya propela, na kwenye skrubu za kubania mashine kwenye ubao wa nyuma, hasa kama unaibeba nyumbani kila unaporudi kwa kuogopa wezi. Hizo skrubu zikague kila safari, kwa sababu ubao unabonyea.

Gundi ya kukazia nati haizuii gasketi kuvuja. Iache.

Kuhusu nati ya propela: ikikazwa na tundu la pini ya kuizuia isifunguke halijalingana, kaza mbele mpaka lilingane, usirudishe nyuma. Pini iwe mpya.

Kuhusu kuendelea kuvua, hapana, mdogo wangu. Pale ilipokatika bolti hedi haibanwi, maji yanaweza kuingia kwenye silinda, na mashine ikikuzimikia usiku katikati ya ziwa upepo umeanza, hakuna wa kukuvuta. Kipande kilichobaki usikigonge. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, kiache kilale usiku mzima, kisha fundi akitoboe katikati kabisa na kukitoa kwa kifaa cha kuvutia bolti. Meno ya bloku yakiwa yameliwa, yanatengenezwa upya kwa kutia koili ya chuma. Asikuambie mtu atie bolti nene zaidi kwa kulazimisha.