Herufi kubwa: anafoka, au haoni vizuri?

Baba mkubwa anaandika kila kitu kwenye grupu la ukoo kwa herufi kubwa tupu: MCHANGO WA MSIBA MWISHO IJUMAA. Vijana wanasema anatufokea, na mmoja ameshamjibu ovyo. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? (Binti, Tanga)

Kabla ya kushuku adabu yake, shuku macho yake. Kwenye simu nyingi za Android, herufi zilizochorwa kwenye kibodi hubadilika kufuatana na kile kishale cha herufi kubwa. Ukikigusa mara mbili haraka kinajifunga, na vitufe vyote vinaonyesha A, E, L badala ya a, e, l. Kwa mtu ambaye macho yameanza kuchoka, tofauti hiyo si ndogo. Utafiti wa Aries Arditi na Jianna Cho, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa maandishi yakiwa madogo, au msomaji akiwa na uoni hafifu, herufi kubwa husomeka kwa urahisi zaidi. Huenda basi baba mkubwa anatafuta vitufe tu, wala hana ugomvi na mtu.

Tena kizazi chake kilifundishwa hivyo. Fomu za ofisini zilisema "jaza kwa herufi kubwa" ili karani aweze kusoma mwandiko wa kila mtu, na mashine nyingi za zamani za kutuma maandishi kwa waya, kama teleksi, ziliandika herufi kubwa tu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani iliendelea kutoa utabiri wake kwa herufi kubwa hadi Mei 2016 kwa sababu ya urithi huohuo, na hakuna aliyedhani inafokea mawingu. Kwamba herufi kubwa ni kelele ni desturi ya watu wa mtandaoni. Mwaka 1995 iliandikwa waziwazi katika mwongozo wa adabu za intaneti wa Sally Hambridge, aliyekuwa katika kampuni ya Intel. Vijana wenu wameikuta desturi hiyo, yeye hakuikuta.

Usimsahihishe kwenye grupu. Mwendee, au mpigie, umsalimie, kisha umwombe simu "nikuongezee maandishi". Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya skrini, usogeze ukubwa wa maandishi hatua moja au mbili. Usifike mwisho, maana baadhi ya vitufe vya programu vitakatika. WhatsApp nayo ina ukubwa wake kwenye mipangilio ya mazungumzo: mdogo, wa kati na mkubwa. Weka mkubwa. Kama anatumia Gboard, kibodi ya Google, ongeza pia kimo cha kibodi ili vitufe vinenepe. Kwenye iPhone kuna njia nzuri zaidi: katika mipangilio ya ufikivu, sehemu ya kibodi, zima kuonyesha vitufe vya herufi ndogo. Hapo ataona vitufe vikubwa daima, na ujumbe wenyewe utatoka kwa herufi za kawaida. Asipopenda kuandika kabisa, maikrofoni ya Gboard inapokea Kiswahili.

Akishasaidiwa na bado akaendelea, mwacheni. Ujumbe wa mstari mmoja unasomeka. Aya ndefu ndizo zinazochosha, kwa kuwa herufi kubwa zote zina kimo kimoja na jicho halipati mikia ya g na p wala vichwa vya b na d vya kulitofautishia maneno.

Mimi ni katibu wa kikoba. Nimerithi orodha na kumbukumbu za vikao zilizoandikwa zote kwa herufi kubwa. Kuna mstari unasema MPE ZAWADI ELFU TANO, na wanachama wanabishana. Kuna njia ya kubadilisha bila kuandika upya? (Katibu, Morogoro)

Ubishi wenu una msingi. Majina yetu mengi ni maneno ya kila siku: Zawadi, Baraka, Neema, Bahati, Subira, Tatu, Juma. "Mpe Zawadi elfu tano" ni malipo kwa mwanachama, "mpe zawadi, elfu tano" ni tuzo kwa mtu mwingine. Herufi kubwa ya mwanzo ndiyo iliyobeba tofauti hiyo, na ukiandika zote kubwa umeifuta. Programu haiwezi kuirudisha. Atakayejua ni aliyekuwepo kwenye kikao.

Kwa kumbukumbu zilizo kwenye Word, chagua maandishi ubonyeze Shift na F3. Kila unapobonyeza, maandishi yanabadilika: ndogo zote, kubwa zote, au kubwa ya mwanzo tu. Kompyuta mpakato nyingine zinataka Fn pia. Kwa Gboard kwenye simu, chagua neno ubonyeze kishale.

Kwenye Excel, kama majina yako safu ya A, andika =PROPER(A2) kwenye safu tupu, buruta hadi chini, kisha nakili na ubandike thamani peke yake, la sivyo ukifuta safu ya A kila kitu kitaharibika. Angalia majina yenye king'ong'o, ile alama ya ' katika ng': PROPER huanza upya baada ya kila alama isiyo herufi, kwa hiyo NYANG'ORO inatoka Nyang'Oro. Hayo yarekebishe kwa mkono. =LOWER(A2), inayofanya herufi zote kuwa ndogo, usiitumie kwenye majina.

Mwenzetu kazini haoni na hutumia kisoma skrini. Tukiandika HARAKA kwa herufi kubwa, simu inampigia kelele? (Msomaji, Mombasa)

Haimpigii. TalkBack ya Android au NVDA ya Windows husoma HARAKA kwa sauti ileile ya "haraka", hivyo msisitizo wenu haumfikii. Baya zaidi, baadhi ya sauti hudhani neno fupi la herufi kubwa ni kifupisho na kulitaja herufi moja moja. NVDA huifanya sauti iwe nyembamba zaidi kwa herufi kubwa pale msomaji anapopita herufi kwa herufi, si anaposikiliza sentensi. Basi semeni kwa maneno: "Ya haraka: ripoti inatakiwa leo saa 10 jioni", na iwe mwanzoni mwa ujumbe.

Mahali pekee ambapo herufi kubwa zinamsaidia ni kwenye alama ya reli. #barakazawadi inaweza kusomwa "baraka za wadi". Andika #BarakaZawadi na kisoma skrini kitapata pa kutenganisha. Zile herufi za mapambo zinazonakiliwa mtandaoni ziacheni kabisa: nyingi ni alama za hisabati, na kifaa chake kitazitaja hivyo au kitaziruka.

Herufi kubwa zinaongeza gharama ya meseji? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Meseji ya kawaida ina nafasi 160, na A huchukua nafasi moja kama a. Kinachowagharimu waandishi wa Kiswahili ni king'ong'o kilichopinda, kile ambacho Word na iPhone hupenda kukiweka badala ya kilichonyooka. Hakimo kwenye jedwali la herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo kimoja tu kinashusha nafasi hadi 70, na ujumbe mrefu hugawanywa vipande vya 67. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa meseji moja unakuwa meseji tatu. Kwenye iPhone, zima uakifishaji mahiri katika mipangilio ya kibodi. Ukibandika kutoka Word, futa king'ong'o ukiandike upya kwenye simu.