Jibu: saa ndefu ya Kijerumani inayosimama kila baada ya dakika chache

Kaka, hiyo saa uliyoinunua mnadani Hamburg usiihukumu kwa jina la kwenye uso, mara nyingi hilo ni la duka lililoiuza tu. Toa pendulumu (ile fimbo inayobembea) na vile vyuma vizito kwanza, halafu mulika tochi bamba la nyuma la mashine utafute muhuri wa kiwanda kilichoitengeneza. Ukiona nanga na herufi G na B ni Gustav Becker, wa Freiburg ile ya Silesia ambayo leo ni Świebodzice huko Poland, wengi wanachanganya na Freiburg ya kusini mwa Ujerumani. Nyota ya ncha 8 yenye J ndani ni Junghans wa Schramberg, na hao ndio waliungana na Becker mwaka 1926. Namba ya mfululizo (serial) iliyogongwa hapo piga picha, itasaidia kukisia umri.

Sasa kusimama. Kabla hujamlipa fundi sikiliza mlio, tik na tak zinatakiwa ziachane sawasawa, zikichechemea weka kikaratasi kigumu chini ya mguu mmoja mpaka zikae sawa, pima maji isikudanganye we amini sikio. Angalia pia kile kispringi chembamba kinachoning'iniza pendulumu, kikipinda kidogo tu saa haiendi, nacho ni bei rahisi.

Na tafadhali usipulize WD-40, ile dawa ya kopo ya kulainisha vyuma! Inayeyusha grisi ya zamani, uchafu unaganda kwenye ekseli zinakwanguka. Ikigoma bado, ifunguliwe isafishwe yote ndo itiwe oili ya saa, hapo mwachie fundi saa.