Barua Zenu: Hakimu wa Kapenguria alikaa wapi?

SWALI: Mzee, salamu. Nafundisha shule ya msingi upande wa Chepareria. Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi Makumbusho ya Kapenguria, wakaonyeshwa seli walimofungiwa Mzee Kenyatta na wenzake watano. Mtoto mmoja akauliza, "Na hakimu alikaa wapi?" Nikakosa jibu. Je, jengo la mahakama lilibomolewa?
Mwalimu, Pokot Magharibi

JIBU: Halikubomolewa, Mwalimu. Kesi ile, ambayo wakoloni waliwashtaki Kenyatta na wenzake kwa kuongoza Mau Mau, harakati ya kupigania ardhi na uhuru, ilisikilizwa darasani, katika shule ya kilimo iliyokuwa hapo Kapenguria.

Usishangae. Nilikuwa mkalimani wa mahakama hadi nikastaafu, na nimefanya kazi katika maboma ya zamani, yaani vituo vya utawala wa kikoloni, ya kutosha kujua yalivyojengwa. Utakuta ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, yenye veranda ndefu na paa la mabati, mlingoti wa bendera mbele, seli na nyumba za askari hatua chache kutoka hapo. DC ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyetuma askari, na mara nyingi ndiye aliyekuwa hakimu. Basi kesi za kawaida zilimalizwa mezani pake, na waliosubiri wakakaa nje kwenye nyasi. Ndiyo maana sehemu nyingi seli unaziona zimesimama mpaka leo, lakini ukiulizia mahakama unaelekezwa kwenye ofisi. Na mvua ikinyesha juu ya mabati yale, hakuna kesi! Shahidi anafungua mdomo, humsikii, hakimu anaweka kalamu chini mnangoja ipite.

Sasa fikiria washtakiwa sita, mawakili wao na waandishi wa habari kutoka ng'ambo: ofisi kama hiyo ingewatosha wapi? Lakini serikali haikupeleka kesi Kapenguria kwa kutafuta nafasi. Ilitafuta mahali pa mbali. Hapakuwa na reli wala hoteli, na wilaya ilikuwa imefungwa, huingii bila kibali. Mawakili walilala Kitale, kilomita zipatazo 40, wakawa wanakuja na kurudi. Alikuwapo D. N. Pritt kutoka London, Chaman Lall wa India, H. O. Davies wa Nigeria, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika. Watu kama hao kusafirishwa hivyo kila siku kwenda kutetea watu darasani, mimi naona hiyo ilikuwa sehemu ya adhabu kabla ya hukumu.

Kwa kazi niliyoifanya siwezi kupita bila kumtaja mkalimani. Wa kwanza alikuwa Louis Leakey, yule mtafiti wa mifupa ya kale. Kikuyu alikijua sana, hilo halina ubishi, ila alikuwa na msimamo wake ulio wazi dhidi ya Mau Mau. Upande wa utetezi ulilalamikia tafsiri yake, akajitoa. Ilikuwa haki wamlalamikie. Mkalimani mwenye upande ni shahidi ambaye hakuapishwa.

Washtakiwa walikuwa wamekamatwa katika msako wa Oktoba 1952. Mwezi uliofuata wakafunguliwa mashtaka Kapenguria, na Aprili 8, 1953 hakimu Ransley Thacker akawahukumu miaka saba na kazi ngumu. Hapo ndipo swali la mwanafunzi wako linapokuwa zito kuliko alivyodhani. Kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ya wakati huo, ambayo leo tungeiita Mahakama Kuu, ilisema Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi pale: aliteuliwa kuwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, na Kapenguria ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa. Kwa hiyo darasa lilipatikana, meza ikapatikana, hakimu akapatikana, lakini kwa sheria hapakuwa na mahakama! Serikali ilikimbilia Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ambayo ikautengua uamuzi huo, na vifungo vikabaki. Kati ya wale sita, Achieng' Oneko peke yake ndiye aliyeshinda rufaa, na hata yeye hakuachiliwa, aliendelea kuwekwa kizuizini.

Mkirudi, usiishie kwenye seli. Kapenguria siku hizi ina mahakama yake, na Mahakama Kuu inakaa huko pia. Andika barua mapema kwa msimamizi wa mahakama, uombe wanafunzi wakae viti vya nyuma kesi ikiendelea. Waangalie kiti cha hakimu kilivyoinuliwa, kizimba kilipo, na mkalimani anasimama karibu na nani. Chagua kesi ya ardhi au ya mifugo, Mwalimu. Za jinai nyingine si za masikio ya watoto.