Jibu: Jengo la etaje, milango ya ngazi na matundu ya tuyo

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kutumia pesa kwa milango mizito ya ngazi, ile ya kuzuia moto na moshi, na kuziba matundu ya tuyo (mabomba) katika jengo lako la etaje (ghorofa) sita pale Himbi, Goma, wakati sakafu zote ni za betoni. Haja ipo, tena hapo usibane mkono hata kidogo.

Betoni na kuta za mawe ya volkano huzuia moto vizuri. Shida ni matundu. Fundi anatoboa, anapitisha tuyo ya plastiki, anajaza pembeni karatasi za mifuko ya simenti, anapaka chokaa juu, unaona pamependeza. Moto ukiwaka chini, plastiki inayeyuka, tundu linabaki wazi na moshi unapanda kama kwenye bomba la jiko. Moshi ndio unaoua wengi, mara nyingi kabla miali haijawafikia. Pazibwe kwa simenti, na tuyo ivalishwe pete maalumu inayovimba kwa joto hadi kuziba tundu. Penye nyaya pia pazibwe.

Mlango wa ngazi ujifunge wenyewe, ili moshi usiingie kwenye ngazi. Tafadhali, walinzi wasiuzuie kwa jiwe ili hewa ipite! Jenereta na makala (makaa) visikae chini ya ngazi kamwe.

Halafu nje. Grenfell Tower, jengo refu la makazi, London, mwaka 2017: moto ulianzia jikoni, etaje ya 4, ukapanda kwa vibao vya alumini vyenye plastiki katikati vilivyofunika kuta, ukaipita mipaka yote ya ndani, yaani sakafu, kuta na milango. Watu 72 walikufa. Hivyo vibao vinavyong'aa unavyotaka kubandika mbele, uliza kwanza katikati yake kuna nini.